Nani anakuambia kama kioo chako ni kizuri? Historia ya darubini ya kutengenezea nyumbani

Wandugu, wengi wetu tulisoma optiki mbele ya ubao mweusi. Tulichora kioo, tukachora mishale ya mwanga, tukaandika fomula, tukapata pointi zetu, basi. Kioo chenyewe hatukukigusa. Na toka siku ile tunatembea na wazo moja bila kulichunguza: kwamba chombo cha sayansi kinatengenezwa na kiwanda cha mbali, na kazi yetu sisi ni kungoja kifike.

Nataka niandike juu ya chombo kimoja chenye historia yake inaenda kinyume na wazo hilo. Ni darubini ya kioo. Kifaransa chetu cha masomo kinaiita télescope, kinaitenga na lunette yenye kutumia lensi, na mgawanyo huo unasaidia. Kwa lunette, mwanga wa nyota unapita ndani ya lensi. Kwa darubini ya kioo, mwanga unashuka ndani ya bomba, unapiga kioo kilichochimbika kidogo kama sahani, unarudi juu ukijikusanya, na kabla haujatoka kioo kidogo cha pili, kimelazwa kwa digrii 45, kinautoa pembeni. Hapo njo unaweka jicho. Hakuna kingine.

Faida yake ni kwamba lensi nzuri inahitaji vitri safi mpaka ndani, tena vitri za aina mbili, na nyuso nne za kusugua. Kioo kinahitaji uso mmoja tu. Ndani yake kuwe na mapovu, kuwe na mawingu, haidhuru, juu mwanga hauingii mule. Uso mmoja: hiyo mtu anaweza kufanya nyumbani. Lakini uso ule mmoja uko na masharti makali, na historia yote ninayotaka kuwapa inazunguka masharti hayo.

Mtu wa kwanza kuchora darubini ya namna hiyo vizuri katika kitabu ni James Gregory, Mskoti, mwaka wa 1663, akiwa na miaka 24. Mchoro ulikuwa safi. Alienda London kutafuta fundi wa kusugua kioo, wakajaribu, wakashindwa. Mchoro ukabaki kwenye karatasi. Miaka mitano nyuma, 1668, Isaac Newton, naye kijana wa miaka 25, hakutafuta fundi. Aliyeyusha mwenyewe, akasugua mwenyewe, akang'arisha juu ya lami, akapata kioo cha sentimita 3 na kidogo ndani ya bomba la sentimita 15 hivi. Kitu kama cha kuchezea watoto. Mwanzoni mwa 1672 chuo cha wasomi wa London, Royal Society, kilimpokea kuwa memba juu ya darubini ya namna hiyo. Akiisha kuzeeka, John Conduitt, bwana wa mtoto wa dada yake, alimuuliza vyombo vya kufanyia kazi alivitoa wapi. Newton akajibu kwamba alivitengeneza yeye mwenyewe, na akacheka: angengoja watu wengine wamtengenezee, hangefanya kitu.

Hapa kidogo nisimame kwa watu wa Katanga na wa Maniema. Kioo cha wakati ule hakikuwa vitri. Kilikuwa chuma cheupe, kigumu, chenye kuvunjika kama sahani ya udongo, na ndani yake mulikuwa shaba sehemu mbili kwa bati sehemu moja hivi. Shaba na kasiterite, wandugu! Ile ile yenye tunaona ikipita kila siku juu ya malori. Sisemi kwamba ilitoka kwetu, hapana, haikutoka kwetu. Nasema tu kwamba hakukuwa na kitu cha ajabu ndani ya ile sufuria.

Basi kama madini yalikuwa ya kawaida, na mchoro uko, shida ilikuwa wapi? Shida ilikuwa kwenye sura ya uso. Kioo cha darubini kinapaswa kuwa na sura ya parabola, na kikikosea hata kidogo tu, nyota inakuwa kama doa la mafuta. Nani anaweza kuona kosa dogo vile? Kwa miaka karibu mia mbili hakuna mtu alikuwa na njia ya kuliona mezani kwake. Ulisugua kwa mkono, ukakisia, ukaenda kuangalia nyota, ukarudi. Aliyepata ujuzi wa mkono alikuwa na mali. Na mwenye mali anafunga mlango. James Short, fundi mkubwa wa vioo wa miaka ya 1700, aliuza darubini zaidi ya elfu moja, akatajirika. Kabla ya kufa mwaka wa 1768 alitaka vyombo vyake vya kazi viharibiwe, siri yake isipate mtu mwingine. Si wote walikuwa vile. John Hadley, mwenye kuonyesha London mwaka wa 1721 kioo cha sentimita 15 chenye kufanya kazi kweli, alifundisha wenzake, na njia yake ikaingia ndani ya kitabu kikubwa cha optiki cha Robert Smith cha mwaka wa 1738.

Kitabu hicho njo kilimfikia William Herschel.

Herschel hakuwa mwana-sayansi. Alizaliwa Hanover, mwaka ule ule wa 1738, baba yake mpiga muziki wa jeshi, na yeye mwenyewe alipiga zumari katika bendi ya jeshi. Alikimbilia Uingereza akiwa kijana, akafundisha muziki, akafika mji wa Bath na kuwa mpiga kinanda wa kanisa. Maisha hayakuwa mabaya, tusimfanye maskini wa hadithi. Alikuwa na wanafunzi wengi na pesa ya kutosha. Lakini alikuwa mtu wa kusoma usiku. Alianza na kitabu cha Robert Smith juu ya harmonia ya muziki, na kutoka hapo akaenda kwenye kitabu kingine cha mwandishi yule yule, kile cha optiki. Mwaka wa 1773 akashikwa. Akajaribu bomba ndefu za lensi, zikamshinda juu ya urefu. Akakodi darubini ndogo ya kioo, akaipenda. Akaandika London kuuliza bei ya kioo kikubwa. Jibu: kikubwa vile hakuna. Basi akanunua vyombo vya kazi kwa mtu mmoja wa pale Bath, mtu wa dini ya Quaker, mwenye alikuwa anasugua vioo kwa kujifurahisha na akachoka.

Sasa sikilizeni vile nyumba iligeuka. Tunajua habari hizi kwa sababu dada yake Caroline aliziandika. Caroline alikuwa amefika kutoka Hanover mwaka mmoja mbele ili awe mwimbaji, na sauti alikuwa nayo. Siku moja anaona seremala anatengeneza bomba na miguu ya darubini katika sebule, pale wageni wanapokelewa. Katika chumba cha kulala, ndugu yao Alexander amesimamisha mashini kubwa ya kuzungusha. Kila chumba ni atelie. William mwenyewe anatoka kwenye konseti na nguo zake nzuri, anakimbilia kioo, anazichafua kwa lami. Kung'arisha hakukatwi katikati, kwa hiyo Caroline anamlisha tonge kwa tonge kinywani, na anamsomea hadithi ili asisinzie. Mara moja iliendelea masaa 16 mkono haujatoka juu ya kioo.

Mimi ninapoisoma habari hii ninajiuliza juu ya yule dada. Watu wanasimulia Herschel kama mtu mmoja mwenye kipaji. Kumbe ni nyumba nzima, na mmoja wao aliacha muziki wake kwa kazi yenye hakuchagua. Baadaye Caroline alipata jina lake mwenyewe: alivumbua nyota za mkia 8, na toka 1787 mfalme alimlipa paundi 50 kwa mwaka, mshahara wa kazi ya sayansi, kitu chenye mwanamke hakuwahi kupata Uingereza. Lakini miaka ile ya kwanza ni tonge na hadithi.

Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, nyuma ya nyumba yao, barabara ya New King Street, namba 19, Herschel aliona kitu kama duara dogo mahali alipotegemea nyota. Alifikiri ni nyota ya mkia. Ilikuwa sayari Uranus, sayari ya kwanza kuvumbuliwa toka watu wanaanza kuandika juu ya mbingu. Kioo chake kilikuwa na upana wa sentimita 16 hivi. Mwaka wa 1782 walipeleka darubini yake Greenwich, wakailinganisha na zile za watu wa serikali, ile ya mpiga kinanda ikazipita. Mfalme akampa paundi 200 kwa mwaka, akaacha kufundisha muziki.

Mwaka ule ule wa Uranus alijaribu pia kumwaga kioo cha upana wa sentimita 90 ndani ya nyumba, chini, katika chumba cha ardhini. Fomu ya kumwagia ilikuwa udongo uliochanganywa na mavi ya farasi, watu walitwanga na kuchekecha siku nyingi, Caroline naye alitwanga. Metali ilikuwa zaidi ya kilo 200. Kioo cha kwanza kikapasuka kikipoa. Mara ya pili tanuru likatoboka, metali ya moto ikatiririka juu ya sakafu ya mawe, mawe yakaanza kulipuka na kuruka mpaka kwenye dari. Watu wote wakakimbia, Herschel akaanguka juu ya rundo la matofali, amechoka kabisa. Hii ni nyumba ya kupanga, eeh.

Lakini namba moja yenye inanivuta kuliko Uranus ni hii. Herschel aliandika kwamba katika kutafuta vioo vizuri alifanya visivyopungua 200 vya darubini ya futi 7, vingine 150 vya futi 10, na karibu 80 vya futi 20. Jumlisha: 430. Watu wanasoma namba hiyo wanasema, angalieni juhudi! Kweli juhudi iko. Mimi ninasoma kitu kingine ndani yake. Mtu mwenye kujua kosa lake liko wapi hatengenezi vioo 430. Anatengeneza kimoja, anakisahihisha. Herschel alikuwa na mkono wa ajabu na jicho la ajabu, ila hakuwa na njia ya kukaa mbele ya kioo chake na kusoma kosa. Alifanya vingi, akachagua vilivyotoka vizuri. Nyumba yenye mapato, ndugu na dada wa kusaidia, miaka na miaka: njo hiyo ilikuwa bei ya kutokuwa na kipimo. Na chuma kile cheupe kilikuwa kinafubaa kwa unyevu wa hewa. Ukikirudisha kwenye lami king'ae, sura inaharibika, unaanza tena.

Mambo yaligeuka Paris, katika muda mfupi, kwa mkono wa mtu mmoja mwenye aliacha masomo ya udaktari. Léon Foucault alianza medisini, akashindwa kuvumilia damu, akatoka. Ni yule yule wa pendulo yenye inaonyesha dunia kuzunguka, na hata ile aliijaribu kwanza katika chumba cha chini cha nyumba yake, Januari 1851, kabla ya kuipeleka Panthéon. Toka 1855 alikuwa anafanya kazi kwenye Observatwari ya Paris. Mwaka wa 1857 alionyesha kioo cha vitri chenye kupakwa fedha juu yake, utando mwembamba kabisa. Steinheil wa Ujerumani alikuwa amefanya vile mwaka mmoja mbele. Fedha inarudisha mwanga kuliko chuma kile cha zamani, na ikifubaa unaiosha kwa asidi, unapaka ingine, na vitri iliyo chini haisogei, sura inabaki. Peke yake hiyo ingetosha kumpa jina.

Ila kitu kikubwa alikileta mwaka wa 1858, na ni kitu cha kuchekesha kwa vile ni kidogo. Taa, karatasi ya bati yenye kitundu cha sindano, na wembe. Nitaieleza polepole, juu bila kuielewa hautaona kwa nini ninaichukua kuwa mlango wa historia hii yote.

Chukua kioo cha sentimita 15 chenye kukusanya mwanga kwa umbali wa mita 1.2. Kiweke kimesimama kwenye meza. Wewe kaa mita 2.4 mbele yake, hapo njo kuko kituo cha duara lake. Weka taa nyuma ya kitundu. Mwanga unaenda kwenye kioo, unarudi, na kama uso ni sehemu ya duara kamili, mwanga wote unarudi kwenye pointi moja, karibu na mahali ulitoka. Weka jicho nyuma ya pointi ile: utaona kioo chote kinang'aa kama mwezi mzima. Sasa sogeza wembe polepole ukate ile pointi. Kama uso ni duara kamili, kioo kinafifia chote kwa mara moja, sawasawa. Kama kuko mahali palipoinuka au palipobonyea, mwanga wa pale haupiti kwenye pointi, wembe unaukata mapema au unauchelewa, na machoni pako kioo kinaonekana kama ardhi wakati jua linapotua: vilima, mabonde, kingo zilizoanguka, na vivuli vyake. Haihitaji hata kupaka fedha kwanza. Vitri tupu inarudisha asilimia 4 hivi ya mwanga, na hiyo inatosha.

Je, unaona vilima vya kimo gani? Kioo kizuri kinaruhusiwa kosa la nanometa 70 hivi juu ya uso wake. Unene wa unywele wa kichwa, ugawe kwa elfu moja. Wembe wa Foucault unaonyesha hiyo, na pungufu ya hiyo. Ukitaka kuamini, weka kidole gumba juu ya vitri kwa dakika moja, toa, angalia haraka: utaona kilima pale kidole kilikuwa, joto limevimbisha vitri. Baada ya muda kinashuka, kinapotea. Wembe wa kunyolea na taa, ndani ya chumba chenye giza. Hakuna labo.

Na kazi yenyewe ya kusugua, asili inasaidia. Unachukua vitri mbili nene, moja juu ya ingine, katikati unaweka unga mkali na maji. Unasukuma ile ya juu mbele na nyuma, unaizungusha kidogo, na wewe mwenyewe unazunguka meza. Ya juu inachimbika, ya chini inavimba. Na kwa sababu nyuso mbili zenye kuteleza kila upande bila kuachana ni lazima ziwe za duara, duara inakuja yenyewe bila mashini. Unabadilisha unga, laini, laini zaidi, kisha unamalizia juu ya lami na kutu nyekundu ya chuma. Kwa kioo chetu cha sentimita 15, shimo la katikati ni milimita 1 na kidogo tu. Kinachobaki ni kutoka kwenye duara mpaka parabola, na tofauti hiyo, kwenye ukingo, haifiki theluthi moja ya elfu moja ya milimita. Hapo, bila wembe, ni kama Herschel: unakisia. Na wembe, unajua ni wapi pa kugusa, na unajua ni lini pa kuacha. Kuacha njo kugumu, watu wengi waliharibu kioo kizuri kwa kutaka kukiongezea.

Tangu hapo historia inabadilisha watu. Pittsburgh, Marekani, miaka ya 1870, tunamkuta John Brashear, fundi mashini wa kiwanda cha chuma. Mchana kiwandani, usiku kwenye kibanda nyuma ya nyumba pamoja na mke wake Phoebe. Walisugua lensi kwanza, miaka, na lensi ikavunjika. Wakaanza ingine. Kisha wakaanza kioo cha sentimita 30, kikapasuka siku ya kupakwa fedha. Kesho yake Brashear alitoka kiwandani amevunjika moyo, akakuta Phoebe amewasha moto wa mashini na ameweka tayari vitri ingine. Brashear akatafuta njia yake mwenyewe ya kupaka fedha yenye haipasui vioo, akaipata, na badala ya kuificha akaitoa katika magazeti bila kuiombea brevet. Ilitumika miaka mingi duniani. Mkumbuke James Short na vyombo vyake vya kuharibiwa.

Vermont, 1920. Springfield ni mji mdogo wa viwanda vya mashini. Russell Porter, mwenye alisoma arshitektua kisha akapoteza miaka mingi katika safari za barafu za kaskazini, anakusanya watu kufundisha kusugua vioo: wanaume 15 na mwanamke mmoja, wengi wao wafanyakazi wa kiwanda kimoja, Jones & Lamson. Mwisho wa 1923 wanaunda chama, 1924 wanajenga nyumba yao juu ya kilima, wanaiita Stellafane. Mwaka wa 1925 Albert Ingalls, mwandishi wa Scientific American, anapanda kuwaona, anaandika. Barua zikamiminika. Ikabidi Porter aandike maelezo ya kazi, na 1926 yakawa kitabu. Toka hapo maelfu ya watu wenye hawakuonana hata siku moja na fundi wa optiki walisugua vioo vyao jikoni na kwenye garaji. Wakati wa Vita ya Pili, jeshi la Marekani likikosa prizma za vyombo vya kulengea, liliziomba kwa watu hao wa garaji. Na Porter, mwaka wa 1928, aliitwa California kusaidia kuchora darubini ya mita 5 ya Palomar, yenye ilikuwa kubwa kuliko zote kwa muda mrefu.

Kwa upande wetu wa Kifaransa, mtu wa kujua ni Jean Texereau. Kitabu chake, La Construction du télescope d'amateur, kilitoka 1951, na kwangu kinapita kile cha Wamarekani juu kimeandikwa na mtu mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho, hatua kwa hatua, kwa kioo kimoja cha sentimita 20. Nusu ya akili yake iko kwenye kupima. Mwanafunzi wa hesabu mwaka wa kwanza anaweza kukifuata.

John Dobson ninamweka nyuma kwa sababu yeye alikuwa na kile wengi wetu tuko nacho, na hakukitumia vile ilitegemewa. Alikuwa na diplome ya kemia ya Berkeley, 1943. Mwaka mmoja nyuma aliingia monasteri ya Vedanta huko San Francisco, kiapo cha umaskini, mfuko bila kitu. Akaanza vioo kwa vitri za madirisha ya meli za zamani, zile nene za duara. Bomba ni karatasi ngumu, mguu ni masanduku ya mbao ya kuokota. Alifanya kwa siri, maana alikuwa mtu wa sala, si wa nyota, na jioni alipenya nje kwenda kuwaonyesha watu wa mtaa. Mwaka wa 1967 wakamfukuza. Mwaka uliofuata, pamoja na vijana wawili, alianza kikundi cha kusimamisha darubini kwenye barabara za San Francisco na kuita wapita njia: kuja uone Saturne.

Sanduku lake la mbao lenye kuzunguka juu ya sanduku lingine, bila skrubu za gharama, leo linauzwa dunia nzima na linabeba jina lake. Yeye hakuchukua brevet. Wataalamu wengine walimcheka juu ya vioo vyake, wakisema vilikuwa vyembamba kupita kiasi na havikupimwa vizuri, na katika vile vya kwanza walikuwa na haki kidogo. Ila sentimita 30 isiyo kamilifu ilionyesha watu wa barabarani mambo yenye hawakuwahi kuona.

Najua kuna mwenye atasema: leo darubini ndogo za kutoka China ziko, kwa nini nijichoshe? Tuseme ukweli. Kwa kioo kidogo, bei ya unga, lami na vitri inaweza kupita bei ya darubini iliyo tayari. Sababu ya pesa, ile yenye ilimsukuma Herschel, imedhoofika sana. Yenye inabaki ni ya namna ingine. Katika masomo yetu yote, kazi yetu ilihukumiwa na mtu: profesere, jiri, mhuri wa sekreteria. Ukiandika memware, unangoja wakuambie kama ni nzuri. Kioo kiko tofauti. Unakaa gizani mita 2.4 mbele yake na wembe, kivuli kinakwambia, na hakijali wewe ni mtoto wa nani. Sijui ni mara ngapi mtu mwenye diplome kwetu anapata nafasi ya kusimama mbele ya hukumu ya namna hiyo.

Kuhusu vifaa: mafundi wa moteri wako na ile pati ya kusugulia valvu, ndani yake kuko unga mkali wa namna moja na ule wa Porter. Mafundi wa mawe ya makaburi wako nao pia. Vitri ya sentimita 15, unene wa sentimita 2, inatafutwa kwa waagizaji wa vioo au kwa watu wa vyuma chakavu. Na mbingu tuko nayo nzuri: karibu na ikweta tunaona nyota za kaskazini na za kusini, na usiku ule moto inakatika mtaa mzima, Njia ya Maziwa inashuka mpaka juu ya paa. Kioo cha sentimita 15 kinakusanya mwanga zaidi ya mara 400 kuliko jicho lako.

Kikwazo cha kweli ni kupaka. Toka miaka ya 1930 vioo vinapakwa aluminium ndani ya chombo kisicho na hewa, na hicho hatuna mtaani. Lakini njia ya Foucault na ya Brashear haikufa, na watu wa kemia kati yenu mnaijua tayari bila kujua kwamba mnaijua. Kumbukeni ile reaksio ya Tollens ya sekondari, yenye tunatambua aldehide kwa utando wa fedha ndani ya tibu. Njo hiyo hiyo: nitrati ya fedha, amonia, sukari yenye kurejesha. Fedha yenye kushika juu ya kioo chetu ni miligramu 20 hivi, uzito wa punje ya mchele. Sehemu kubwa inabaki ndani ya maji ya sahani, na maji yale hayawekwi kwenye chupa kungojea kesho: yakikaa, yanaweza kutoa kitu chenye kulipuka hata kwa kuguswa. Vaa miwani, fanyia nje, punguza kwa maji mengi, mwaga siku ile ile.